Kupanga Stiki, Pedali na Nyenzo Katika Ndege ya Kujijengea: Anza na Mwili Ulioketi

Mjenzi wa ndege anapofikia hatua ya kufunga stiki (fimbo ya kuongozea ndege), pedali za miguu na nyenzo za injini (vishikio vya kusukuma na kuvuta vinavyoiendesha), kwa kawaida mwili wa ndege umekwisha kusimama, fedha nyingi zimekwisha kutumika, na hamu ya kuiona ikiruka imekwisha kumshika. Ni katika hatua hii ambapo nyenzo huwekwa pale palipobaki nafasi, badala ya pale mkono unapofika. Mwongozo huu unamhusu mtu anayejenga ndege ndogo ya kiti kimoja au viwili katika karakana ya Mbeya, Iringa, Mafinga au Njombe, awe anafuata michoro aliyoinunua au anaunganisha vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani. Hoja yake ni moja: kila kitu kitakachoguswa na rubani kipimwe kwa mwili ulioketi na kufungwa mkanda, kabla chuma hakijakatwa.

Jambo la sheria lisemwe mapema. Ndege ya kujijengea hairuki Tanzania bila usajili na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kwa hiyo mjenzi azungumze na mamlaka hiyo kabla ya kuanza, na aweke maandishi na picha za kila hatua. Vilevile ikumbukwe kwamba kusogeza kiti au kukunja stiki kidogo ni jambo moja, na kubadili urefu wa mikono ya chuma inayoendesha eleveta (bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua) au eleroni (mabapa ya mabawa yanayoinamisha ndege ubavu) ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hili la pili hubadili mwendo wa usukani na uzito wake mkononi. Halifanywi bila kumwuliza mbunifu wa ndege.

Kiigizo cha mbao

Kabla ya kugusa ndege yenyewe, jenga kiigizo cha chumba cha rubani kwa vipimo kamili vya michoro. Watu wa nyanda za juu kusini hawana udhuru katika hili, kwani mashine zinazopasua paini za Sao Hill huko Mufindi huacha mabanzi mengi, na vipande vya plaiwudi havikosekani kwa maseremala. Unachohitaji ni sakafu, pande mbili zenye upana halisi kwenye nyonga, viwiko na mabega, ukuta wa mbele unaotenga injini, na dashibodi ya katoni ngumu. Tumia skrubu badala ya misumari, kwa kuwa kila kipande kitahamishwa, na baadhi vitahamishwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ndani ya kiigizo hicho kiti ndicho cha kwanza. Mwegemeo wa nyuma wa nyuzi 15 hadi 20 kutoka wima ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukingo wa mbele wa kiti uinuliwe kiasi cha kubeba paja, lakini usibane sehemu ya chini ya goti, maana mshipa ukibanwa hapo mguu hufa ganzi, na mguu wenye ganzi haujui umesukuma pedali kwa kiasi gani. Mgongo wa chini upate kitu cha kuuegemeza. Taulo iliyokunjwa inatosha kwa majaribio, na ukiridhika unapima unene wake na kuuingiza katika umbo la kiti.

Kuhusu mto wa kukalia, nasema bila kusita kwamba sponji laini ya godoro isitumike. Mtu akiikalia dukani huisifu, lakini baada ya muda hubonyea, macho ya rubani hushuka, na pedali ambazo zilikuwa mahali pake huwa mbali au karibu kuliko ilivyopimwa. Ubaya mkubwa zaidi huonekana ndege inapotua kwa kishindo: mwili hushuka kwanza ndani ya sponji, ukapata kasi, kisha hukutana na sehemu ngumu ya kiti, na uti wa mgongo hupokea pigo kubwa kuliko ambalo lingekuwapo bila mto wowote. Inayofaa ni sponji nzito inayobonyea polepole na kurudi polepole, isiyoshika moto kwa urahisi. Fundi wa makochi wa Mwanjelwa mjini Mbeya atakushonea kava nzuri sana, ila uchaguzi wa sponji usimwachie yeye.

Ukishaketi, funga mikanda yote, ya kiuno na ya mabega, kisha uikaze kama unavyokusudia kuikaza angani. Vipimo vilivyochukuliwa bila mkanda havina thamani, kwa sababu mtu asiyefungwa huinamisha bega mbele bila kujua, akaamini kwamba mkono wake unafika mahali ambapo kwa kweli haufiki. Vaa pia kile utakachovaa. Asubuhi ya Juni au Julai huko Makete, Mufindi au hata Uyole hairuhusu mtu kurusha ndege kwa shati jepesi, na koti zito huongeza unene tumboni, hupunguza nafasi ya viwiko na kuufanya mkono uwe mzito kuinuka. Viatu navyo viwe vile vya kurushia, vyenye soli nyembamba.

Mwombe mwenzako aweke alama ukutani pale macho yako yalipo ukiwa umeketi hivyo na umevaa visikilizio. Kutoka kwenye alama hiyo ndipo utajua kama unaona juu ya pua ya ndege, kama ukingo wa dashibodi unakuzuia kuona vipimio vilivyo chini yake, na kama kati ya kichwa na kioo cha juu kuna nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kisha rudia kwa mtu mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote kati ya wale watakaoirusha ndege hiyo, na kazi yote ipimwe kwa hao wawili, si kwa mwenye ndege peke yake.

Pedali

Visigino vipumzike sakafuni na sehemu pana ya mbele ya wayo ikae kwenye pedali. Pedali zikiwa sawa, magoti yawe yamekunjwa vya kutosha. Mguu mmoja ukisukuma hadi mwisho, goti lake libaki limekunjwa kidogo, kwa kuwa mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu ya ziada na hauna uwezo wa kusahihisha. Wakati huohuo tazama goti la pili, lile linalorudi nyuma na kuinuka: je, linagonga ukingo wa chini wa dashibodi, swichi, au mkono ulioshika stiki? Mara nyingi tatizo hili halionekani mpaka mtu mrefu aketi.

Breki zinazokanyagwa kwa vidole zina mtego wake. Kisigino kikiwa sakafuni, vidole visiguse breki. Rubani anyanyue mguu kwa kukusudia ndipo abonyeze. Jaribu pia ukiwa umesukuma pedali moja hadi mwisho, kwa sababu pembe ya wayo hubadilika, na pedali iliyofungwa vibaya hushika breki ya upande mmoja wakati rubani anataka tu kuuelekeza mkia. Katika uwanja wa nyasi au changarawe, kosa hilo huitoa ndege njiani.

Je, kiti ndicho kisogezwe au pedali? Katika ndege ndogo ya kujijengea mimi nachagua pedali. Kiti kinachoteleza juu ya reli kinahitaji kizuizi kisichoshindwa kamwe, na historia inaonyesha kwamba hata viwanda vikubwa vilipata shida hapo: mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza reli za viti vya ndege nyingi ndogo za Cessna zikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa kizuizi kikichakaa kiti kinaweza kurudi nyuma ghafla wakati ndege inaondoka, na rubani anayeteleza hung'ang'ania usukani, akavuta pua juu bila kutaka. Pedali zenye matundu matatu au manne ya kuhamishia pini hazina hatari hiyo. Kwa rubani mfupi ongeza mto mgumu nyuma ya mgongo, lakini mto huo ufungwe kwenye kiti, usiwekwe tu, na kila nyenzo ipimwe upya ukiwapo.

Stiki

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Keti, legeza bega, acha kiwiko kishuke chenyewe, na uache mkono ulale juu ya paja. Pale kiganja kinapoangukia ndipo kishikio kinapotakiwa kuwa stiki ikiwa katikati. Mkono wa mbele ukipata pa kulala, rubani huongoza kwa kifundo na vidole. Usipopata, huongoza kwa bega, na bega huchoka upesi na kutikisika pamoja na ndege. Yeyote aliyepita karibu na safu za milima ya Mbeya au Uporoto wakati wa mchana wenye upepo anajua jinsi hewa ya huko inavyotupa ndege. Mkono unaoning'inia hutupwa nao, na stiki hupokea amri ambazo rubani hakuzitoa.

Baada ya hapo jaribu pembe zote. Vuta stiki nyuma kabisa, kisha ipeleke kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, huku mguu mmoja ukiwa umesukuma pedali kabisa. Rudia stiki ikiwa mbele. Tazama paja, goti, tumbo, bizimu ya mkanda na mfuko wa koti. Paja au tumbo lisiwe kamwe ndicho kizuizi cha mwendo wa usukani. Rubani mwenye tumbo kubwa ambaye stiki yake inagota kwenye bizimu ya mkanda kabla eleveta haijafika mwisho atagundua upungufu huo wakati mbaya kuliko yote, yaani ndege ikiwa na uzito mwingi mbele na yeye akijaribu kuinua pua ili atue. Dawa yake kwa kawaida ni kuipinda stiki mbele kidogo karibu na kiti, au kuifupisha, au kubadili kiti; ya kupunguza mwendo wa eleveta haimo.

Ufupishaji nao una gharama. Stiki ndefu humpa mkono nguvu, hivyo usukani huwa mwepesi lakini kiganja husafiri mbali. Stiki fupi hupunguza safari hiyo na kuufanya usukani uwe mzito na mkali. Kanuni ya zamani inayopendwa na wabunifu ni kwamba nguvu ya eleroni, ya eleveta na ya usukani wa mkia zifuatane kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4, yaani mkono uhisi eleroni nyepesi kuliko vyote na mguu ubebe kilicho kizito. Ukikata stiki unagusa uwiano huo, kwa hiyo anza na bomba refu kuliko unavyohitaji na ulikate mwishoni.

Swali la mkono gani ushike nini linategemea mpangilio wa viti. Katika ndege ya viti viwili vya mbele na nyuma, mkono wa kulia hushika stiki na wa kushoto nguvu ya injini. Katika ndege za viti vya ubavu kwa ubavu kama Van's RV-7, kila kiti kina stiki yake na nyenzo za injini zimo katikati, hivyo rubani wa kushoto huongoza kwa mkono wa kushoto; wanaoandika kwa kulia hulipenda jambo hilo, maana wanaweza kuandika maelekezo ya mnara wa waongoza ndege bila kubadili mkono. Zenith CH 750 hutumia stiki moja ya katikati yenye umbo la Y, ambayo hurahisisha kuingia na kutoka. Long-EZ ina stiki fupi ya pembeni, na mkono wote hulala kwenye mhimili wa ubavuni. Mipangilio yote hii hufanya kazi; kisichofanya kazi ni kuchanganya nusu ya mmoja na nusu ya mwingine kwa sababu picha ilipendeza. Vivyo hivyo kwa vishikio vyenye vitufe vingi: kitufe cha redio kinatosha, na cha trimu (kifaa kinachompunguzia rubani uzito wa stiki) kama ipo ya umeme, kikae mahali ambapo mkono hautakibonyeza wakati unavuta kwa nguvu.

Nyenzo za injini

Kwa desturi ya ndege zilizothibitishwa na mamlaka za anga, kutoka kushoto kwenda kulia hutangulia wenzo wa nguvu wenye kirungu cheusi, hufuata wa panga lenye pembe ya kubadilika wenye kirungu cha bluu, kisha wa mchanganyiko wa mafuta na hewa wenye kirungu chekundu, na kusukuma mbele humaanisha nguvu zaidi au mafuta zaidi. Desturi hii ifuatwe hata kama hakuna anayekulazimisha, kwa kuwa rubani atakayekufundishia au atakayeinunua ndege yako ana mikono iliyokwisha kuizoea.

Wenzo wa mchanganyiko una uzito wa pekee kwetu. Kiwanja cha Songwe kiko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,300, na Nduli ya Iringa iko juu zaidi, kwa takribani mita 1,400. Hewa ni nyepesi huko hata kabla ya kuondoka, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo injini yenye kabureta ya kawaida ikipewa mafuta yote hukohoa na kupoteza nguvu ambayo tayari ni pungufu. Rubani wa pwani hugusa wenzo huu akiwa juu angani. Wa kwetu huugusa ardhini, kabla ya kuondoka, kwa kufuata kitabu cha injini. Uwe basi mahali unapoonekana, uwe wa aina inayozungushwa taratibu kwa marekebisho madogo, na usikae bega kwa bega na ule wa joto la kabureta, unaoingiza hewa ya moto kuyeyusha barafu ndani yake. Injini za Rotax 912 zenye kabureta hazina wenzo wa mchanganyiko, kwa sababu kabureta zake hujirekebisha zenyewe, lakini zina tabia nyingine: springi zake huvuta nguvu kuelekea juu waya ukikatika, kwa hiyo wenzo wa nguvu unahitaji kibano cha msuguano ili usijisogeze rubani anapoondoa mkono kushika kitu kingine.

Joto la kabureta ni la lazima katika ukungu wa Mufindi na Njombe, ambako ubaridi na unyevu huja pamoja na barafu hujijenga ndani ya kabureta bila mvua wala theluji. Wenzo wake ukae karibu na wa nguvu, lakini kirungu chake kiwe na umbo tofauti kabisa. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis, akichunguza kwa nini marubani wa ndege za kivita za B-17 walikunja magurudumu baada ya kutua, aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ya flapu (mabapa ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua) zilikuwa jirani na zilifanana; akapendekeza kimoja kiwe na umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, ili kiganja kitambue bila macho. Mchonga vinyago yeyote wa mjini anaweza kukutengenezea virungu vya maumbo mawili, na rangi peke yake haitoshi, kwani usiku au katika mshtuko rangi haionekani.

Valvu ya mafuta

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa katika Ghuba ya Monterey, California, akirusha Long-EZ iliyojengwa na mtu mwingine. Michoro ya mbunifu Burt Rutan iliweka valvu ya kuchagua tangi mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha kwamba rubani aligeuka kuifikia, akasukuma pedali ya kulia bila kukusudia na kupoteza udhibiti wa ndege. Ilitaja pia kwamba hakuongeza mafuta kabla ya kuruka, na ikahesabu uamuzi wa mjenzi wa kuiweka valvu mahali pagumu kufikiwa, tena bila alama, miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Kwa hiyo valvu iwe mbele ya bega, ifikiwe na mikono yote miwili ikiwezekana, mikanda ikiwa imekazwa na bila kiwiliwili kugeuka. Ncha ya mpini ielekeze upande wa tangi lililochaguliwa. Mpini usipite kwenye alama ya kufunga mafuta unapohama kutoka tangi moja kwenda jingine, na kufunga kuhitaji tendo la pili, kama kuinua pini. Ikiwa inahitaji nguvu za koleo, ibadilishwe.

Trimu na flapu zinahitaji maneno machache tu: gurudumu la trimu likizungushwa mbele lishushe pua, na wenzo wa flapu usipite juu ya paja la abiria.

Kuhamishia ndani ya ndege

Vipimo vya kiigizo vikikubalika, hamisha kila kimoja kwa kutumia nukta moja ya marejeo, kwa mfano makutano ya kiti na mgongo wake. Viungo vinavyozunguka vifungwe kwa bolti za ndege zenye nati za taji na pini ya kupasuka. Nati za kujibana zenye nailoni si mahali pake kwenye kiungo kinachozunguka, na bolti za duka la vifaa vya ujenzi hazina mahali popote katika mfumo huu. Vizuizi vya mwendo viwe vya chuma, virekebishike, na vifikiwe kabla ya kitu kingine chochote kugusana. Tundu la sakafu ambamo stiki hupita lifunikwe kwa mfuko wa ngozi laini, ambao fundi viatu anaweza kuushona, kwani kalamu, sarafu au skrubu ikianguka humo hukwamisha fito zinazotoka kwenye stiki. Mfuko uwe na ulegevu wa kutosha usiivute stiki upande wowote.

Msuguano hupimwa kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama au maharage. Funga ndoano kwenye kishikio, vuta stiki nyuma polepole huku ukisoma, kisha iachie irudi mbele polepole huku ukisoma tena. Kwa kuwa eleveta huning'inia kwa uzito wake, mizani itasoma kitu pande zote mbili; msuguano ndio huyafanya masomo hayo yasilingane, na nusu ya tofauti yao ndiyo kiasi chake. Iandike namba hiyo. Ikiongezeka baada ya rangi, baada ya kava za viti au baada ya nyaya za umeme kupitishwa, kuna kitu kinachogusana, na kitafutwe kabla ya kazi nyingine kuendelea.

Mwishowe keti ndani ya ndege yenyewe kwa saa nzima injini ikiwa imezimwa, mikanda imekazwa na koti limevaliwa. Mwenzako akutajie kitu kimoja kimoja bila mpangilio, joto la kabureta, valvu, trimu, breki, swichi kuu, nawe ukiguse ukiwa umefumba macho. Kinachopapaswa kihamishwe au kibadilishwe umbo. Jaribio lirudiwe na yule mfupi na yule mrefu, na kila mara kitu kipya kinapofungwa ndani ya chumba, hata kama ni mfuko wa ramani tu, pembe zote za stiki zizungushwe upya na matokeo yaandikwe katika daftari la ndege, ambalo mkaguzi atalitaka kulisoma.